Queen au Murchison? Mtoto wa Kasese avuka Nile

Niseme mapema, usije ukadai nilikuficha: mimi ni mtu wa Queen, hifadhi ya wanyama ya kwetu. Nilizaliwa Kasese, magharibi mwa Uganda. Baba alikuwa anashuka mgodini Kilembe enzi zile shaba bado inatoka, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu kwenye zile safu za nyumba za wachimbaji kila mlango ulikuwa na kabila lake, na hakuna aliyekuwa tayari kujifunza lugha ya jirani. Sikukuu ikifika, watoto wa Kampala walipelekwa kupanda bembea na vitreni vya umeme. Sisi tulipakiwa nyuma ya pikapu ya mjomba tukaenda kutafuta tembo. Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambayo kwetu hakuna anayelimalizia jina, nimeiingia mara nyingi kuliko nilivyoingia benki.

Hifadhi ya Murchison Falls, ile ya kwenye mto Nile, niliijua kwenye kalenda za ukutani tu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anafanya kazi Pakwach, mlangoni mwa Murchison, mwaka wa nane sasa, na kila tukikutana kwenye harusi au msiba lazima anichokoze. Safari ya mwisho alinikamata mbele ya watoto. "Shemeji, hebu waambie hawa, umewahi kuona twiga?" Nikacheka kidogo, nikanywa chai. Bintiye akaona. Ukweli ni kwamba mimi, mtu mzima, msema sana juu ya wanyama, sikuwa nimewahi kumwona twiga akitembea porini. Queen hakuna twiga, hata mmoja. Pundamilia pia hakuna. Hao uwatafute Lake Mburo au Kidepo.

Januari tukaenda. Mimi, mke wangu, mama mkwe na watoto wawili, usiku nne. Haya ninayoandika ni kwa mtu mwenye pesa ya safari moja tu mwaka huu na hajui aielekeze wapi. Nitajitahidi kuwa wa haki, ingawa ukiona mahali naivutia Queen upande wangu, utanisamehe.

Mapacha wasiofanana

Hifadhi hizi mbili zilitangazwa mwaka mmoja, 1952. Ya kwetu ilianza kwa jina la Kazinga, ikabadilishwa 1954 malkia wa Uingereza alipokuja kutembea. Amin alipokamata nchi, zote mbili zilivuliwa majina ya Kizungu: ya kwetu ikawa Ruwenzori, ya kule ikawa Kabalega, kwa heshima ya Omukama, yaani mfalme, wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza. Majina yale ya zamani yakarudi baadaye, lakini baba mpaka anaingia kaburini alisema "Ruwenzori", na yule mzee wa Buliisa aliyetuuzia samaki njiani alisema "Kabalega" bila kufikiri mara mbili.

Kwa ukubwa, Murchison inakaribia kuwa Queen mbili. Queen ina kilomita za mraba 1,978. Murchison inapita 3,800 na ndiyo kubwa kuliko zote Uganda. Lakini namba hizi hazikuambii kitu mpaka uendeshe gari. Queen imekatwakatwa. Barabara kuu ya Mbarara kwenda Kasese inapita katikati yake, ndani mna vijiji vya wavuvi kama Katwe, Hamukungu na Kahendero, kuna maziwa ya volkano, kuna msitu wa Maramagambo, kuna bonde la Kyambura lenye sokwe, na huko chini kabisa kuna Ishasha ambayo ni kama hifadhi nyingine peke yake. Unahama kutoka chumba hadi chumba. Murchison imekatwa na kitu kimoja, Nile. Kusini ni vichaka na msitu, kaskazini ni uwanda wazi wenye mivumo, ile miti mirefu jamii ya minazi yenye kiuno kinene. Ukishaelewa mto, umeelewa hifadhi.

Boti kwa boti

Hapa ndipo nilipojiandaa kushinda. Mfereji wa Kazinga unaunganisha ziwa George na ziwa Edward, kama kilomita 32 hivi, na boti kutoka Mweya inachukua takriban saa mbili. Sijaona mahali Afrika Mashariki ambapo mtu aliyekaa kwenye kiti, bila kutokwa jasho, anaonyeshwa wanyama wengi kwa karibu namna ile. Viboko wamelala kama magunia ya mkaa yaliyomwagika. Nyati wazee, wale madume waliofukuzwa kwenye kundi, wamekaa kwenye tope mpaka kidevu, na ndege anatembea juu ya pua zao akichokonoa. Tembo wanateremka mmoja mmoja saa tisa, saa kumi, jua likizidi. Kisha boti inapinda kona na unakuta kijiji cha wavuvi: mwanamke anasugua sufuria kwa mchanga, kijana anatengua nyavu, na hatua ishirini kutoka kwao kiboko anapiga mwayo. Hakuna anayemtazama mwenzake. Nimepita hapo miaka yote hii na bado kona ile hunifunga mdomo.

Na ni kwenye mfereji huohuo ambapo Jacob, yule simba dume aliyepoteza mguu kwa mtego wa wawindaji, alirekodiwa mwaka 2024 akiogelea usiku pamoja na nduguye, zaidi ya kilomita moja majini, katikati ya mamba na viboko. Miguu mitatu. Kasese hii habari tuliisimulia kama goli la fainali.

Basi nikapanda boti ya Paraa, ile ya Murchison, nikiwa na kiburi changu mfukoni. Saa ya kwanza nilikuwa nahesabu pointi. Viboko, wapo, lakini kwetu wamebanana zaidi. Nyati, wachache. Tembo, watatu, mbali. Nikamwangalia mke wangu kwa jicho la "nilikwambia". Mto wenyewe ni mpana na unakwenda kwa haraka, si kama mfereji wetu uliotulia kama maji ya bakuli, kwa hiyo boti inafanya kazi, injini inalia, na ukingo unapita kwa mbali.

Ndipo kiongozi wetu akapaza sauti: "Mamba, kushoto!"

Binti yangu wa miaka saba akaanza kutafuta samaki. Niwaeleze wasio wa huku: sokoni Katunguru na Kasese, ukisema mamba, mwenye meza atakuuliza unataka mbichi au wa kukausha moshini, maana wengi huku wanamwita mamba yule samaki mrefu wa matope ambaye vitabu vya Kiswahili vinamwita kamongo. Mtoto alijua mamba wa vitabuni yupo, lakini mamba wa kila siku kwake ni wa mchuzi wa karanga. Aliyekuwa kwenye mchanga pale hakuwa wa mchuzi. Alikuwa na urefu wa mtumbwi, kinywa wazi, meno yamekaa nje kama misumari iliyopigwa vibaya, na ndani ya kinywa rangi ya njano iliyopauka. Hakupepesa jicho. Boti ikasogea mpaka nikaona tope limekauka kwenye magamba ya shingo likiwa na nyufa. Kisha bila haraka yoyote akateleza majini, na mahali alipokuwa pakabaki mfuo tu kwenye mchanga. Mamba wa Kazinga nawafahamu. Huyu alikuwa wa daraja jingine, na kufika mwisho wa safari tulikuwa tumeacha kuwahesabu.

Halafu yakaanza mapovu. Vipande vyeupe vinateremka na mto, vidogo, kama mtu huko juu anafua blanketi. Nikauliza ni nini. "Hayo ni maporomoko, mzee, yanakutumia salamu." Tulikuwa bado hatuyasikii.

Mita 43

Nile nzima, mto ule ule uliotoka Jinja, ukapita Kyoga na Karuma, unafika mahali mwamba umepasuka, ufa wa mita 7 hivi, na unalazimishwa kupita humo. Kisha unaanguka mita 43. Samuel Baker, Mzungu wa kwanza kuyaandika, aliyaita kwa jina la rais wa chama cha wanajiografia cha London mwaka 1864. Wenyeji walikuwa wanayaona bila ruhusa yake.

Boti haifiki chini kabisa, mkondo hauiruhusu. Inakushusha, na mnapanda kwa miguu kama dakika 45, saa moja kama una mama mkwe. Wetu alikataa kubaki botini. Alifunga leso kiunoni, akashika fimbo, akapanda mbele yetu.

Katikati ya njia afande aliyetuongoza alisimama akatuonyesha maporomoko mawili yaliyokaa bega kwa bega. La pili, akasema, ni Uhuru. Mwaka 1962 mafuriko yalikuwa makubwa mpaka mto ukavunja njia ya pili pembeni ya ile ya zamani, na kwa kuwa nchi ilikuwa inapata uhuru mwaka uleule, jina likapatikana bure. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Kwenye ramani iliyojaa Murchison, Albert, Edward na George, kuna neno moja la Kiswahili, na limeandikwa na mto wenyewe.

Juu kabisa, unasimama kwenye mwamba uliolowa na ardhi inatetemeka chini ya kandambili. Hilo nilikuwa nimelisikia nikadhani ni maneno ya watalii. Unalihisi kwenye nyayo kwanza, kisha kwenye meno. Manyunyu yanakupiga usoni, mawe yana chembechembe za mika zinazong'aa, na huwezi kuongea na mtu hata akiwa begani kwako. Mama mkwe aliniambia kitu. Mpaka leo hataki kurudia, anasema kama sikusikia basi ni kati yake na mto.

Queen haina jibu la hili. Nimelitafuta njia nzima ya kurudi. Tuna ukanda wa maziwa ya volkano pale Katwe, tuna machweo ya Mweya, tuna mstari wa ikweta pale Kikorongo ambapo watu hupiga picha mguu mmoja kusini na mwingine kaskazini. Ni vizuri vyote. Lakini hakuna hata kimoja kinachokushika kwenye meno.

Twiga, simba, na yale tunayoyanyamazia

Twiga kwanza, maana ndiye aliyetuleta. Asubuhi ya pili tulivuka mto. Zamani ilikuwa ni pantoni yenye saa zake, ukichelewa unalala ng'ambo. Siku hizi kuna daraja pale Paraa, unapita tu. Shemeji alitukuta upande wa kaskazini akitokea Pakwach kwa lango la Tangi. Hatujaenda mbali, mtoto akasema, "Baba, ule mti unatembea." Walikuwa kumi na mmoja. Hawa ni aina ya twiga wa Nubia, wale ambao miguu yao kuanzia goti kwenda chini ni myeupe kama wamevaa soksi za shule. Wanavyotembea ni kama filamu iliyopunguzwa mwendo. Shemeji hakusema neno. Alinitazama tu kupitia dirisha la gari lake kwa muda mrefu sana.

Ukitaka uwanda, basi Buligi, ile pembe ya kaskazini magharibi inayoelekea ziwa Albert, inashinda uwanda wetu wa Kasenyi kwa upana na kwa wingi wa wanyama wanaoonekana kwa wakati mmoja: twiga, kongoni, swala wanaoitwa kob, swala wadogo wanaoitwa taya, nyati kwa mamia. Kule delta, mto unapoingia ziwani, kwenye matete kuna korongo nyangumi, yule ndege mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Sisi hatukumwona. Familia iliyotutangulia ilimwona dakika kumi kabla yetu, na ilihakikisha tunajua.

Kwa upande wa simba, hapa inabidi mtu wa Queen aseme kweli. Nilipokuwa kijana, kwenda Kasenyi alfajiri na kukosa simba ilikuwa bahati mbaya. Siku hizi kuwaona ndiyo bahati. Mwaka 2018 simba kumi na mmoja, wakiwemo watoto wao wanane, walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na Hamukungu. Mwaka 2021 wengine sita walikutwa wamekufa Ishasha. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe ana hasira yake na simba hana pa kuhamia. Vijiji vimo ndani ya hifadhi, na ndiyo bei ya ile kona nzuri ya mfereji niliyokusifia hapo juu. Ishasha bado kuna simba wanaopanda mikuyu na kulala juu ya matawi miguu ikining'inia, na kama shabaha yako ni picha ile, hakuna mjadala, nenda Ishasha ulale huko usiku mbili. Buligi tuliona simba mara mbili kwa siku mbili, chini, kwenye nyasi, wakiwa na matumbo yaliyojaa.

Murchison nayo ina la kwake. Kuna mafuta chini ya ile hifadhi. Visima vya mradi wa Tilenga vingine viko ndani ya hifadhi kaskazini mwa mto, na ndiyo maana siku hizi unakuta lami safi katikati ya pori. Nilifurahia lami kwa ajili ya mgongo wangu na nikaichukia kwa macho yangu, yote mawili kwa wakati mmoja. Kichekesho ni kwamba kiwanda kikubwa cha kuchakata mafuta hayo kimewekwa Buliisa mahali panapoitwa Kasenyi. Kwetu Kasenyi ni kob na simba. Nilipoona jina hilo kwenye kibao nilidhani nimepotea njia.

Tembo, Queen. Kwa ukaribu na kwa wingi wa matukio, sina shaka. Nguchiro na ngiri wanaopita miguuni pako pale Mweya ukiwa unakula, Queen. Sokwe, kusema kweli usiende popote kati ya hizi mbili kwa ajili yao tu. Kyambura bonde ni la ajabu lakini kundi ni moja dogo na unaweza kurudi mikono mitupu, na Budongo kusini mwa Murchison ni afadhali, lakini anayetaka sokwe hasa aende Kibale.

Jezi ya Chelsea

Kuna jambo hakuna aliyenionya. Upande wa kusini wa Murchison, kati ya lango na mto, kuna mbung'o. Wale wadudu hupenda rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi. Mitego yao yenyewe hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Shemeji yangu, mkazi wa Pakwach miaka minane, mtu anayejua kila kitu, alikuja kutusindikiza maporomoko akiwa amevaa jezi ya Chelsea.

Alipigwa mpaka akavua. Akabaki na fulana ya ndani, jezi ameikunja ameikalia, na bado wawili watatu waliifuata huko huko chini. Mbung'o akikuuma si kama mbu. Ni kama mtu amekuchoma na sindano ya kushonea gunia. Fungeni madirisha, vaeni khaki au kijivu, na msijitie ushujaa. Queen sehemu za Mweya na Kasenyi sijawahi kupata shida hiyo, ingawa mbu wa ziwani wapo na dawa ya kujipaka ni lazima kotekote.

Malalamiko yangu mengine ni ya kambi tuliyolala usiku wa kwanza kusini mwa mto. Waliahidi chakula saa moja jioni, kikaja saa nne kasoro, watoto wameshalala na viatu. Usiku wa tatu na wa nne tukahamia kwa shemeji Pakwach, tukala angara, samaki wa huko, na kwon, ugali wao, na asubuhi tulikuwa tumeingia lango la Tangi kabla ya watu wa hoteli kumaliza kahawa yao. Kwa familia ya kipato cha kati hiyo ndiyo siri: Pakwach iko mlangoni kabisa, na nyumba za wageni za pale hazikuumizi.

Njia na mfuko

Queen inaweza kuonwa na mtu asiye na gari. Basi la Kampala linalokwenda Kasese kupitia Mbarara linavuka daraja la Katunguru na kupita ndani ya hifadhi, na nimewaona watu wakiona tembo kwa nauli tu, wakiwa wameshika kuku mapajani. Ukishuka Katunguru unaweza kupatana na mwenye gari akakuzungusha. Kuna boti zinazoanzia hapo darajani pia. Murchison bila gari ni kazi. Lazima ukodi Masindi au Pakwach, na gari likae na wewe siku nzima. Ingawa mabasi ya Arua nayo, kati ya Karuma na Pakwach, yanapita kando ya hifadhi, na nyani wa Karuma watakukagua dirishani kama askari wa mpaka.

Kutoka Kampala, Murchison ni karibu zaidi, kama kilomita 300 mpaka Paraa. Queen inakupeleka zaidi ya 400 ukipita Mbarara. Sisi kutoka Kasese tulipita Fort Portal, Kyenjojo na Hoima, lami karibu yote, kisha tukateremka ule mteremko wa Biiso ambapo ziwa Albert linafunguka lote mbele yako na milima ya Congo nyuma yake. Simamisha gari hapo. Barabara ya kwenda Ishasha, kwa upande mwingine, ni ya murram, na mvua ikinyesha malori hulala hapo yakiwa yamejipanga kama viboko.

Kiingilio: sisi raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi, na ni sehemu ndogo tu ya kile mgeni analipa kwa dola, basi usisahau Ndaga Muntu yako, yaani kitambulisho cha taifa. Boti inalipiwa peke yake, gari peke yake. Tulipokwenda kiingilio kilikuwa cha saa 24, kwa hiyo ukiingia saa saba mchana ulikuwa na mchana huo na asubuhi yote ya kesho yake, lakini uliza kwanza langoni. Watu wengi waliingia alfajiri, wakatoka jioni, wakatupa usiku mzima walioulipia.

Ukienda Murchison kwa njia ya Kampala, usipite Ziwa bila kusimama. Ni shamba la kifaru lililoko barabara ya Gulu, upande wa Nakasongola. Vifaru walikuwa wameisha kabisa nchini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na pale ndipo walipoanza kurudishwa 2005. Baadhi walitoka Kenya, na wawili walitoka Florida, kwenye hifadhi ya Disney, ile ile kampuni ya bembea na majumba ya ndoto. Mtoto wa kwanza alizaliwa 2009, baba kutoka Kenya, mama kutoka Marekani. Walimwita Obama, wangemwita nani mwingine? Sisi tulipita hapo wakati wa kurudi. Unatembea kwa miguu nyuma ya mlinzi mpaka hatua chache kutoka kwao, na mwanangu mkubwa aliyekuwa ameboreka tangu Masindi akatoa simu mfukoni mwenyewe.

Sasa wewe

Kama una siku mbili, unatoka Kampala, na watoto hawajawahi kuona pori, nenda Murchison. Watapata twiga, mamba na maporomoko, na kila kimoja hakihitaji maelezo. Nimekaa na uamuzi huu wiki kadhaa kabla ya kuuandika, na mke wangu ni shahidi kwamba haukunitoka kwa urahisi.

Kama una siku nne na gari lako, au unaunganisha na sokwe wa Kibale kwa juu na gorila wa milimani wa Bwindi kwa chini, basi njia yako inapita Queen bila hata kuuliza. Ishasha iko mlangoni mwa Bwindi. Queen inataka muda. Siku ya kwanza utasema mbona kawaida. Siku ya tatu, ukiwa Katwe unamwangalia mtu amezama kiunoni kwenye dimbwi la chumvi akivunja magamba yake kama wanavyofanya tangu zamani za mababu, utaanza kuelewa kwa nini sisi wa huku tunaisema vibaya wenyewe na hatumruhusu mgeni aiseme.

Wazee wenye magoti mabaya waende Kazinga, hawana haja ya kushuka botini. Ila kama mzee wako ni wa aina ya mama mkwe wangu, mwachie achague mwenyewe.

Wapenda ndege mmeshajua mnachotafuta. Mimi nitasema tu kwamba kwazi, yule tai mla samaki, analia vizuri zaidi Kazinga asubuhi.

Shemeji ameshanipigia kuuliza Desemba hii tunakwenda wapi. Nimemwambia aje Kasese, nitamwonyesha ile kona ya mfereji. Akauliza nguo gani avae. Nimemwambia jezi aje nayo.